Foleni ya Kusagwa Kingo

Jana mchana, baada ya kula maharage mengi kuliko akili, nilijilaza chini ya meza ya karakana nikaota kwamba kipande cha kioo cha bluu kimekalia kiti changu.

"Tumsifu Yesu Kristo," kikasema.

"Milele na milele, amina." Hata ndotoni nina adabu.

Kilikuwa kipande cha joho la Bikira Maria, cha dirisha ambalo askofu atalibariki Jumapili. Kioo cha bluu ile kilikuwa kimebaki hicho kimoja tu. Kikiharibika, Mama wa Mungu atavaa kaki. Asubuhi nilikisaga kikavu kwa uvivu wa kwenda kuchota maji, na Sista Gaudensia, mkuu wa karakana yetu, aliponiuliza kutoka mlangoni, nikamjibu, "Kiko laini kabisa, Sista." Hakikuwa laini. Kilikuwa na meno kama msumeno. Utepe wa shaba unaozungushwa ukingoni ungechanika, na siku moja joho lingewadondokea wanakwaya.

"Danstan, nina kiu," kikasema kipande. "Twende."

Tunakwenda. Karakana inakuwa zahanati. Mashine ya kusagia kioo imevaa gauni jeupe la nesi, gurudumu linazunguka kifuani, na mgongoni imebeba kwa mbeleko sifongo lake la kulowesha gurudumu. Sifongo linalia.

"Linyweshe kwanza," mashine inaniambia. "Likikauka, mimi sisagi mtu."

Nalinywesha ndoo nzima. Linacheua, linalala.

Foleni ni ndefu, na yote inatembea. Ubaoni pameandikwa: USIKAE SEHEMU MOJA. Bwana mmoja mwenye koti anasimama ili asome vizuri. Papo hapo ubavu wake unapata shimo la kutosha yai, kama kioo kilichotulizwa kwenye gurudumu. Anashukuru, anaendelea na safari. Mimi nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Zamu yangu inafika. Naegemea kaunta.

"Usikandamize," inasema kaunta. "Kila fundi anadhani nguvu ndiyo ulaini."

Sista Gaudensia anatoka kabatini na uzi wa sufu, ule anaoupitisha kwenye kila ukingo kabla ya kupokea kazi. Ananipitishia mimi. Kwenye viwiko unateleza. Masikioni unateleza. Mdomoni unanasa.

"Fungua."

Nafungua, na linatoka lile jibu langu la asubuhi, zima, lina ncha kila upande. Kipande cha bluu kinanitazama bila chuki, na hilo ndilo linaloniuma. Naona aibu mpaka kwenye soksi.

"Tuanze na gurudumu la chenga au la unga?" anauliza nesi.

"Lipi haliumi?"

"La jirani yako."

Wanalisaga jibu likiwa bado limeshikana na ulimi, taratibu, kwa maji mengi, bila kutulia mahali pamoja. Uji mweupe wa kioo unanichuruzika kidevuni. "Laini" linakatika. "Kabisa" linakwisha lote. Linalobaki ni dogo, na uzi unapita juu yake bila kunasa: "Bado, Sista."

"Hilo limekaa vizuri," kinasema kipande. "Sasa mimi."

Nikaamka. Sista Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni, yule wa kweli, na bunda la utepe wa shaba mkononi.

"Danstan, nikizungushie utepe?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari, mzuri kuliko wa kwanza. Nikafungua mdomo, ukasema, "Bado, Sista."

Akaurudisha utepe mfukoni. Moyo wangu ulitua, nikashangaa kumbe ulikuwa umepanda.

"Haya, kachote maji ukisage upya," akasema. "Na ujipanguse kidevu, mtu mzima wewe. Uji saa nane mchana?"

Nikajipangusa. Lilikuwa tope jeupe la kioo, bado bichi, na mashine yetu haikuwa imeonja tone la maji tangu juzi.