Haradali Juu ya Shuka

Mama aligoma kula tangu nilipomleta kwangu ghorofani. Hakugoma kwa maneno, maana angegoma kwa maneno ningegombana naye, na kwa kugombana mimi sijambo. Alipokea sahani, akashukuru, akala vijiko viwili, kisha akasema ameshiba. Nguo zikaanza kumpwaya. Muuguzi wa zahanati alimpima, akanivuta pembeni, akaniambia akizidi kupungua hivi atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu.

Mimi ni dobi. Kutwa nimesimama kwenye meza ya pasi nikinyoosha mashuka ya hoteli, na jioni miguu inawaka moto. Nikifika nyumbani sitaki mambo mengi. Nataka mtu ale, basi.

"Chakula changu kimekukosea nini?" nilimuuliza siku moja.

"Hakijanikosea, mwanangu. Ila hizi mboga sizijui. Sijaziona zikiota."

Makubwa haya! Mwanamke aliyelima maisha yake yote mpaka goti likamgomea, sasa anataka kufahamiana na mboga kwanza. Ningempa hata kopo la udongo kibarazani, lakini mwenye nyumba alishapiga marufuku udongo huku juu tangu mpangaji mmoja azibe bomba kwa matope.

Aliyenipa wazo ni fundi simu wa chini, ambaye tunamwita Bingwa kwa kuwa hakuna asichokijua, au tuseme hakuna asichokisemea. Alisema haradali inaota juu ya kitambaa kibichi, bila udongo wala mbolea ya dukani, na inaliwa ikiwa bado changa, majani mawili tu. Akanionya nisinunue mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, ninunue zile za viungo. Siku hiyo Bingwa alisema kitu chenye faida.

Kazini niliokota kipande cha shuka lililochakaa. Nikakikunja, nikakilowesha, nikakitandika kwenye sinia. Nikamwaga mbegu mpaka zikagusana, nikafunika kwa sinia jingine, na juu yake nikaweka pasi ya mkaa ya zamani ili mizizi ijikaze kushika shuka. Mama alinitazama kutoka kitandani kama anayemtazama mtoto akipika matope.

"Sasa itakula nini hiyo?" aliuliza.

"Inakula kilichomo ndani ya mbegu, Mama."

"Kama mimi basi," alisema, akageukia ukutani.

Yale maneno yaliniuma. Nilikuwa nimechoka hata kulia siwezi.

Tulipoondoa pasi, miche ilikuwa ya manjano, imejikunja. Nikaihamishia dirishani. Kila asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nililowesha shuka kabla ya kukimbilia kazini. Mwanga ukaigeuza kijani, ikasimama imebanana hata kidole hakipenyi. Mama naye akahamia kwenye kiti cha dirishani. Lakini kula, bado ni vile vijiko viwili. Nikajiambia nitaikata yote kwa mkasi nimjazie sahani, na akiikataa hii aliyoiona ikiota kwa macho yake, basi akalazwe. Sikuwa na ujanja mwingine.

Jioni niliyopanga kukata nilirudi na mkasi mpya. Sinia lilikuwa karibu tupu. Miche michache imesimama kwa mistari, imeachana kama wanafunzi kwenye chumba cha mtihani, na shuka limechomoka nyuzi kila mahali.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimepunguza miche," alisema bila wasiwasi. "Nani alikufundisha kupanda hivyo? Mche unataka nafasi ili ukue."

"Haitakiwi ikue! Inaliwa hivyo hivyo! Nimeibananisha makusudi!"

Nilipiga kelele mpaka redio ya Bingwa huko chini ikazimwa. Nilimwambia nimechoka, nimelea sinia la majani kama kichanga, na kesho tunakwenda zahanati atake asitake. Nikasema na mengine ambayo mtu hamwambii mama yake.

Alisubiri nimalize.

"Shamba umelisahau kabisa," alisema. "Kwani miche ya kupunguza huwa tunaitupa?"

Ndipo nikaangalia jikoni. Sufuria ya wali niliyomwachia asubuhi ilikuwa imeoshwa, imeinamishwa. Kando yake sahani moja, nayo imeoshwa. Mezani palikuwa na sahani nyingine, imefunikwa. Nilifunua nikakuta wali, na juu yake majani ya haradali yaliyooshwa vizuri, kila mche umekatwa mzizi wake.

"Ni kali, inawasha pua," alisema Mama. "Nimekula mpaka nikaogopa kukumalizia. Hiyo iliyobaki kwenye sinia tutaiacha ikomae, tupate mbegu za msimu ujao."

Nilijua haitakomaa juu ya shuka. Sikumwambia.

"Kaa chini ule," alisema. "Umekonda mno siku hizi, hata gauni linakupwaya."

Nikakaa. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu aliniwekea chakula. Nilitia vijiko viwili mdomoni, nikasema nimeshiba.

"Hujashiba," alisema Mama, akausogeza mkono wangu kwenye sahani.