Sweta la Ishirini

"Unakuja au unatutania?" Dominika aliliuliza wingu, mara ya saba tangu achemshe chai. Wingu lilikwisha kuumeza mlima mzima. Sasa lilikuwa likiinyemelea migomba ya Kwa Sadala.

Akarudi kwenye mashine ya kufuma, akaivuta mara mbili, akainuka tena. Masweta kumi na tisa ya kwaya yalishachukuliwa. La ishirini lilining'inia msumarini, nalo ndilo lililomnyima raha. Uzi wa rangi ya damu ya mzee ulimwishia, akafuma kwa uzi mweupe, halafu akalichemsha sweta sufuriani kwa chumvi na rangi ya unga ya dukani. Yeye, Dominika! Ambaye kwa miaka thelathini watu waliapa kwamba sweta lake ukilipika pamoja na ndizi, zitakazogeuka rangi ni ndizi.

"Hodi!" Aliingia Mwalimu Eliufoo, mstaafu, na mjukuu wake Brenda, gauni la kwaya jeupe pe.

"Shikamoo, bibi." Kabla bibi hajaitikia, mtoto alishalivaa sweta.

"Waingereza," Mwalimu alisema, akilipapasa bega la sweta, "mtu asiyegeuka humwita aliyetiwa rangi angali sufu. Zamani walichovya sufu kabla ya kuisokota, rangi ikazama mpaka kwenye mifupa. Ndiyo wewe, mama."

"Mwalimu, hilo nimelitia rangi juzi, likiwa limeshafumwa. Likilowa litachuja, na gauni litaharibika."

Mwalimu alicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Wewe? Labda mlima uhamie Mabogini ukalime mpunga!"

"Haki ya Mungu tena. Livue, Brenda."

"Bila sweta siimbi, bibi. Wamesema."

"Acha unyenyekevu, mama," Mwalimu alisema, akimshika mtoto mkono. "Saa nne wanaimba Moshi mjini."

Wakatoka. Tone la kwanza likagonga bati, la pili, kisha yakaacha kuhesabika.

Dominika alichomoa mwavuli nyuma ya mlango, ule uliovunjika vijiti viwili, akawakimbilia kwenye tope. Ulitosha mtu mmoja, tena mdogo. Akauinamisha wote juu ya Brenda.

"Bibi, unalowa!"

"Tembea. Usitoe mkono nje."

Mwalimu alikuwa mbele, bado akicheka. Dominika hakumtazama, macho yalikuwa kwenye ukingo wa gauni. Sweta lake mwenyewe, la damu ya mzee, alilolifuma mwaka wa kwanza wa mashine, lilikwisha kulowa chepechepe, na kutoka kiwikoni maji yalidondoka topeni, tone baada ya tone, meupe, bila chembe ya rangi.