Sahani Iliyopigiliwa Msumari

Mchana wa jana niliota nimo ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, na mle ndani mlikuwa mnanukia vitumbua.

Sikushangaa. Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka nyumbani kwetu Tanga, kompyuta ikiwaka pembeni, na kazi iliyonishinda ikinizunguka kichwani. Kazi yenyewe ni hii. Picha ikitoka kwenye kamera huenda kwanza kwenye kumbukumbu kuu, hunakiliwa huko, ndipo hupelekwa kwenye kioo cha kompyuta. Mimi nimepewa kuandika kipande cha kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayosimamia vifaa vyote, kitakachoruhusu kioo kichungulie moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kamera, bila kupitia kwa mtu wa kati. Ni habari ya majirani wawili na ukuta, basi.

Na majirani na ukuta nawajua tangu utotoni. Jiko letu na jiko la Bi Kidawa yanagawana ukuta mmoja, na kwenye ukuta huo kuna kidirisha walichokitoboa yeye na mama yangu walipokuwa bado maharusi, waume zao wakiwa kazini. Sahani zilipita hapo. Mama akishapika, huiweka sahani kidirishani, akaifunika kwa kawa, na aliye upande wa pili haruhusiwi kufunua mpaka ukuta ugongwe mara mbili, kwa sababu pengine mama bado ana cha kuongeza. Na sahani hairudi tupu. Ikienda na vitumbua hurudi na ndizi, au hata chumvi kidogo, lakini tupu hairudi.

Mama alifariki mwaka jana. Sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu ilikuwa kwa Bi Kidawa siku hiyo, na iko huko hadi leo. Yeye hajui aweke nini cha kumrudishia marehemu. Mimi naona haya kuidai. Tena, niseme ukweli, sikutaka irudi. Maadamu sahani ya mama iko kwa jirani, mama ni kama ametoka kidogo tu. Kidirisha nikakiziba kwa ubao, nikajiambia ni kwa sababu ya paka, na tangu hapo mimi na Bi Kidawa tunasalimiana barabarani kama watu wa mitaa miwili.

Turudi ndotoni.

Nimesimama kwenye ukumbi mrefu wenye joto. Mwisho wa ukumbi ameketi Bwana Kichakata, yule mtu wa kati, mwenye mikono minane, na yote ina shughuli. Kila sahani inayofika kwake anaipakua kwenye sahani nyingine iliyo sawasawa na ile ya kwanza, kisha anaisukuma mbele. Nikamuuliza kwa nini anapakua upya chakula ambacho tayari kimepakuliwa. Akanijibu kwamba kisichopita kwake hakijapita.

"Lakini kinapoa," nikasema.

"Kikipoa nacho kinapita," akasema, akaendelea kupakua.

Nikamshukuru, nikatokea mlango wa nyuma. Nje ni uani kwetu, ila ardhi ni ya kijani na nyaya za shaba zimepita chini ya miguu. Kamera amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Ni bibi mwenye jicho moja, amejifunga kanga, na mapajani ana sahani yenye ukingo wa buluu iliyofunikwa kwa kawa. Nikamwamkia. Akaitikia, akanieleza, bila majivuno, kwamba mle ndani mna asubuhi moja ya Idi, na mama yangu yumo anakaanga.

Sina asubuhi nyingine yoyote ya mama. Picha zake zilikuwa kwenye simu, na simu ilidondoka kisimani.

Upande wa pili wa ukuta Kioo anaita. Kioo ni mwanamke mpana sana ambaye ukimtazama kwa ubavu humwoni, na hakumbuki jambo kupita muda wa kufumba na kufumbua.

"Nionyesheni," anasema. Anafumba, anafumbua. "Nionyesheni," anasema tena, kwa adabu ileile, hajui kama ameshasema.

Nikamwomba Kamera aipitishe sahani. Akakataa. Akatoa nyundo kwenye pindo la kanga, akaiweka sahani kidirishani, akaipigilia msumari katikati mpaka ikatulia kama maji mtungini. Nikauliza jirani atakulaje sahani ikiwa imepigiliwa. Akasema chakula hakihamishwi, anayekula ndiye anayenyoosha mkono.

Ikabaki Kioo akione kidirisha. Bawabu wa anwani, anayeelekeza wageni mtaani, akamwambia aende nyumba ya arobaini. Mtaa wetu huo wa ndotoni una nyumba tatu. Kioo akaenda nyumba ya arobaini, akafika kidirishani kwetu. Nikamuuliza bawabu kwa nini hakumpa anwani ya kweli, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango.

"Ukimpa kila mtu anwani ya kweli," akasema, "kesho utamkuta usiyemjua ndani ya chungu chako."

Sasa kila kitu kiko tayari. Kamera anaingiza mkono chini ya kawa na kuichora asubuhi ile, anachora, anachora. Ukuta haujagongwa. Mimi hii kanuni ya kungoja ninaijua kuliko sala ya alfajiri. Nimeilala na kuiamkia, mchana naiandika, utotoni nimechapwa kwa ajili yake. Nikafunua.

Kuanzia puani kwenda juu, mama alikuwa wa Idi. Amevaa mtandio wa njano, macho yanacheka. Kuanzia puani kwenda chini alikuwa bado wa siku nyingine, siku ya mvua, nguo imelowa mpaka kifuani. Macho ya Idi yakanitazama kwa furaha, na mdomo wa mvua ukasema, "Funga mlango, nyumba inajaa maji."

"Umefunua," Kamera akasema.

Nikasema ndiyo. Haraka yangu haikuwa na baraka, nikarudisha kawa. Naye akaanza upya kutoka juu, bila kunigombeza, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Hapo wakatokea waosha vyombo wa kiini, watatu, na mabeseni na majivu. Kazi yao ni kupita kila mahali na kuosha sahani ambayo haijashikwa na yeyote, ili ipatikane ya kupakulia wengine. Ni kanuni nzuri. Niliwahi kuisifia mbele ya watu.

"Nani ameishika hii?" mkubwa wao akauliza.

Nikamwonyesha Kamera. Mkubwa akasema mpishi hawamhesabu, wanauliza nani anaingojea. Nikamwonyesha Kioo, lakini Kioo alikuwa amefumba na kufumbua, akasema hajui sahani yoyote. Basi nikasema ni mimi.

"Wewe ulifunua," akasema. "Kufunua si kushika."

Akachota majivu. Mwaka mzima nimemngoja mama, na nilipoulizwa ushahidi sikuwa nao hata wa kusingizia.

Ndipo nikauona mkono. Umetokea ng'ambo, umepita chini ya kwapa la Kioo, mkono wa kizee wenye bangili ya fedha na kovu la kikaango kwenye kidole gumba. Umeushika ukingo wa buluu kwa nguvu hata kucha zimekuwa nyeupe. Ulikuwa mkono wa Bi Kidawa. Ulionekana umekaa hapo muda mrefu, maana buibui alikuwa ametanda utando kati ya bangili na ukuta.

"Yupo mmoja," mwosha vyombo akasema. "Haioshwi." Wakakaa chini wote watatu kungoja, bila kinyongo.

Ukuta ukagongwa mara mbili.

Safari hii nikafunua polepole. Mama alikuwa mzima, juu mpaka chini, wa siku moja. Mafuta yanachemka. Kioo akatazama kwa muda wa kufumba na kufumbua, ambao kwake ni umri mzima, na kwa mara ya kwanza hakuomba kitu. Mama akanitazama mimi, kisha akautazama ule mkono.

"Kidawa hajachoka tu?" akauliza.

Nikamwambia hajui aweke nini kwenye sahani.

"Mwambie airudishe hivyohivyo. Nimeruhusu."

Nikamweleza kwamba Bi Kidawa akiachia, wataosha. Nikamwonyesha waosha vyombo, nao wakainamisha vichwa kwa heshima. Nikamwambia sina sahani nyingine yenye yeye ndani. Nikalia, na ndotoni machozi yangu yalikuwa yanapoa yakifika shavuni kwa sababu yalikuwa yamepitia kwa Bwana Kichakata.

Mama akageuza kitumbua kimoja, akakitegea sikio kama alivyozoea.

"Mwantumu, mwanangu, waache waoshe. Mimi nilipika ili watu wale. Sikupika nitazamwe." Akageuza kingine. "Hilo jiko langu unaliwasha?"

Tangu matanga nakula mkate wa dukani.

Nikauweka mkono wangu juu ya mkono wa Bi Kidawa. Ulikuwa baridi. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, na cha mwisho kilikuwa kile chenye kovu. Waosha vyombo wakasimama, wakachukua majivu, na mama akarudi kwenye kikaango chake akiwa ameshanipa mgongo, kama mtu ambaye hana wasiwasi na aliyemwacha.

Niliamka alasiri. Kompyuta ilikuwa imezimika yenyewe. Nikabaki nimelala kwenye mkeka, nina huzuni ya kawaida tu, mpaka niliposikia ukuta wa jikoni unagongwa mara mbili.

Nikaung'oa ubao. Bi Kidawa alikuwa amesimama upande wake, amezeeka kuliko nilivyokuwa nikimwona barabarani.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu." Akanyoosha sahani ya mama, tupu, imesuguliwa kwa majivu, bado ina maji. Akasema anaona aibu, kwao hajapata kurudisha sahani hivyo, lakini alikuwa amepumzika kidogo akaamka mkono umekufa ganzi mpaka begani, kama mtu aliyeshika kitu mwaka mzima, akaona heri airudishe tu.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Katikati yake palikuwa na tundu dogo la mviringo, la msumari. Bi Kidawa akaapa kwamba alipoiweka chini ya kitanda chake haikuwa na tundu. Nikamwambia namwamini.

Niliwasha mkaa. Sahani iliyotoboka haishiki mchuzi, kwa hiyo cha kupika hakikuhitaji mjadala. Unga wa mchele ulichukua muda wake kuumuka, tukaungoja, kila mtu upande wake wa ukuta, tukimsema mama na ubahili wake wa iliki. Vitumbua vyangu vya kwanza viliungua chini. Nikavipanga hivyohivyo, nikafunika kwa kawa, nikaiweka sahani kidirishani.

Mkono wenye bangili ukaja moja kwa moja kwenye kawa.

"Ngoja," nikamwambia Bi Kidawa.

Akangoja. Nikaongeza kimoja, kile kilichoiva vizuri, kisha nikagonga ukuta mara mbili.