Udongo wa Chini ya Mkorosho

"Jirani, hivi hao watoto wa mbwa wako wameshiba au wana mimba?"

Antonia aliuliza hivyo siku moja, ameegemea ua wa makuti, ungo wa mbaazi mkononi. Bi Mwanaidi alicheka, akamjibu wameshiba, alhamdulillahi, mama yao anakula ukoko wa nyumba nzima. Na kweli matumbo yao yalikuwa duara, yamekaza kama ngoma. Ukitazama kwa mbali unasema hawa wanalelewa. Na pale kijijini Kiranjeranje wote waliowatazama waliwatazama kwa mbali. Mbwa alikuwa na upande wake, nyuma ya jiko, chini ya mkorosho. Alirushiwa chakula, aliitwa kwa sauti, basi. Kumshika, nani amshike?

Mama yao aliitwa Hayawahusu. Jina hilo alipewa na marehemu mume wa Bi Mwanaidi, kwa ajili ya watu fulani waliokuwa wakichungulia mambo ya nyumba yake, na alikuwa akimwita asubuhi na jioni hata kama mbwa kalala miguuni pake. Marehemu alikwenda, eda ikaisha, wale watu wakanyamaza. Mbwa akabaki na jina lake, na shamba la mahindi likabaki na nguruwe pori. Msimu uliopita Hayawahusu alibweka peke yake mpaka sauti ikamkauka, na asubuhi upande mzima wa bondeni ulikuwa umelala chini kama uwanja wa mpira. Kwa hiyo alipozaa sita, Bi Mwanaidi alisujudu. Sita wakikua, mahindi yatafika nyumbani. Mjane hana ghala jingine.

Wiki ya tano wakafa wawili. Waliobaki manyoya yaliwasimama, mbavu unazihesabu, na matumbo yale yale.

Shemeji yake Mfaume, mdogo wa marehemu, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala kula chakula cha mchana. Mtu wa usafi sana. Tangu siku alipomwona Hayawahusu analamba sufuria, aliweka kopo la rangi lililojaa udongo pale pa kuoshea, ili kila kilichoguswa na mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyoamriwa. Udongo aliuchota mwenyewe. Ukiisha anaujaza tena. Na hata kama siku hiyo mbwa hajamkaribia, yeye alijisugua mikono kwa udongo huo mpaka viwikoni, kwa tahadhari, kisha akavuta sinia.

"Shemeji, nyumba ya mjane mcha Mungu imejaa mbwa," alisema, tonge mkononi. "Malaika watapita mlango gani?"

"Mbwa wako nyuma, shemeji. Malaika wanapita wa mbele."

"Haya, cheka. Wanakufa kwa sababu hawana baraka. Lakini nitakusaidia."

Msaada wenyewe ulikuwa maji ya tumbaku iliyolowekwa, ati dawa ya tumbo. Kijibwa kimoja kilinyweshwa, kikatoa povu, kikajinyonganyonga, na kabla ya alasiri kilikuwa kimekufa. Mfaume alikung'uta kanzu. "Basi. Ijumaa ijayo nakuja na kiroba. Hao watatu na mama yao nakwenda kuwatupa huko porini. Nyumba ya kaka yangu siwezi kuiacha hivi." Bi Mwanaidi alikuwa anayaona mahindi yake yamelala.

Jumanne, anamwaga maji ya samaki nyuma ya jiko, akakiona kijibwa kimoja chenye doa jeupe kinakohoa. Kilikohoa, kikanyoosha shingo, kikatapika. Bi Mwanaidi alidhani ni tambi. Akajiuliza nani kampa mbwa tambi. Kisha tambi zikajikunja. Zilikuwa nyeupe zenye unjano, ndefu kama kiganja, zimefungana fundo, na kila moja inatafuta pa kutokea, kichwa hakijulikani na mkia haujulikani. Kijibwa kikainama kikaanza kuzilamba. Bi Mwanaidi alishika kinywa, asifike hata kwenye kona ya jiko. Alitapika hapo hapo, na alipofumbua macho aliogopa kuangalia alichotapika yeye.

"Antonia!" aliita. "Antonia, njoo uone ile mimba!"

Antonia alichungulia juu ya ua, akageuza uso. "Yesu wangu. Mimi nampigia bwana mifugo, jirani. Hiyo siyo ya tumbaku."

Cletus, bwana mifugo wa kata, alifika Alhamisi na pikipiki yake. Kijana mpole, mikono haimwogopi kitu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wako huko nyuma."

Alimtia kila mmoja kwenye mfuko, akamtundika kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza, kisha akawanywesha dawa nyeupe kwa bomba lisilo na sindano, kila mmoja kwa uzito wake. Akampa na Hayawahusu.

"Huyu mkubwa naye? Mbona hana tumbo?"

"Ndiye chanzo, mama. Minyoo hii wanaipata tumboni mwake, na kwenye maziwa. Wanazaliwa nayo. Ilitakiwa waanze dawa wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka watimize miezi mitatu, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Kesho utaona mambo. Usishtuke."

"Nimeshashtuka."

"Na kinyesi kiokotwe kila siku, kifukiwe shimo refu. Kikikaa, mayai yanakomaa kwenye udongo, na humo yanakaa miaka. Hata mtu yanampata. Mkono ukishika udongo, ukaenda kinywani..." Alikanyagakanyaga pale chini ya mkorosho, ardhi laini kama unga. "Huu, kwa mfano. Huu usiuguse kabisa."

Bi Mwanaidi alitazama alama za kopo pale ardhini, duara moja ndani ya jingine. Miezi miwili Mfaume anachota hapa. Sufuria, miko, bakuli la uji, vidole vyake. Alihisi kitu kinatembea nyuma ya meno. Dini imesema udongo safi, na wao wamechukua wa karibu. Kila wakiosha, kwa mkono wao wenyewe, wamejipaka.

Alimwomba Cletus amwelekeze dawa ya watu. Kisha akalimwaga kopo chooni, akachemsha vyombo vyote, akachemsha na mwiko mpaka ukapinda.

Ijumaa asubuhi mambo yalionekana. Vijibwa vilitoa mafundo juu ya mafundo, mengine bado yanajinyonganyonga, na Bi Mwanaidi, mifuko ya plastiki mikononi, kanga puani, akayakusanya kwenye jani la mgomba huku akimtaja Mola kila akiinama. Lakini vile vijibwa vitatu vilikuwa vinakula. Vinapigania ukoko. Kile chenye doa kilibweka, sauti nyembamba, kuku akakimbia.

Baada ya sala, shimo lilikuwa halijachimbika vizuri aliposikia salamu. Mfaume kaingia, kiroba kwapani. Wali wa nazi na samaki changu vilikuwa tayari kwenye sinia. Akaenda pa kunawia, akaona kopo tupu.

"Shemeji, udongo umeisha!" Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshalichukua, anazunguka nyuma ya jiko kama kawaida yake. Akapiga magoti chini ya mkorosho, akapeleka mkono. Jani la mgomba lilikuwa kando ya goti lake.

Kitu kilitikisika juu ya jani. Mfaume akakitazama.

"Ni minyoo ya tumboni mwa vijibwa," alisema Bi Mwanaidi, jembe mkononi. "Mayai yake yamo humo unamochota. Ndio udongo tunaonawia kila Ijumaa, shemeji. Wewe mpaka viwikoni."

Mfaume aliitazama mikono yake, akageuza viganja, akazitazama kucha. Kijibwa chenye doa kikamsogelea, kikabweka.

"Chakula kiko tayari," Bi Mwanaidi akamwambia. "Na hicho kiroba niachie, nitatilia mavi yao."

Akaliweka kopo chini polepole, na kiroba juu yake. Akainuka, mikono ameitenga na mwili kama si yake, akalipita sinia bila kulitazama, akatoka kwa mlango wa mbele.