Kipande cha Pili cha Doti

Nasra alikata kanga yake ukumbini, nyumbani kwa mama mkwe wake huko Chuno, akifuata alama za chaki alizochorewa na Mama Brian. Mimba ilikuwa kubwa na hakuweza kuinama, kwa hiyo alikaa mkekani, kanga ameitandaza katikati ya miguu. Kila nepi ilitaka vitambaa viwili vya kanga, na katikati kipande cha fulana kuukuu. Mama Brian, jirani ambaye mumewe alifanya kazi bandarini, aliziunga kwa cherehani yake huku akisema pampasi ni za safarini, mtoto akiwa nyumbani anataka pamba.

Kanga ile aliletewa na mumewe, Sudi, dereva wa lori la korosho, aliporudi kutoka Nanyamba. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye maneno yaleyale, lakini Sudi alileta kimoja. Alisema fundi wa kupinda ameunguza cha pili kwa pasi. Maneno yalikuwa MOYO WANGU UKO KWAKO PEKE YAKO. Nasra alisita kuyakata, ila hakuwa na kanga nyingine iliyolainika vile.

Mtoto akiwa wa kiume angeitwa Selemani, jina la marehemu baba yake Sudi. Bi Mwanahamisi, mama mkwe, alikwisha kuahidi. Kila asubuhi aliliwekea tumbo kiganja na kuuliza kama Selemani wake ameamka. Nasra alilelewa kwa watu, huku mwaka mmoja, kule mwaka mwingine. Jina hilo ndilo lililomfanya ajione amefika kwao.

Nepi za kwanza zilifuliwa, zikaanikwa, zikakauka. Kisha mojawapo ikalowa. Ulikuwa mkojo wa mtoto mchanga, bado vuguvugu, na mtoto hakuwa amezaliwa. Nasra akaisuuza na kuianika upya. Kabla ya adhuhuri ikalowa nyingine, ile yenye neno PEKE.

Mama Brian alikuja kuangalia. Alisema kwao Njombe nguo hazikauki kwa sababu ya ukungu, ila huu si ukungu. Jirani mwingine aliuliza kama nepi zilikatwa kwenye doti nzima au kipande. Nasra akajibu kipande. Yule jirani akasema, "Basi," akaaga.

Nasra akampigia Sudi simu. Sudi alisema ni umande. Ilikuwa saa saba mchana.

Siku iliyofuata Bi Mwanahamisi alikuwa akimsaidia kuanua. Akaishika iliyolowa, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayekagua mchele.

"Mbele tu," alisema. "Selemani analala kifudifudi siku hizi. Nimemwambia mama yake asimlaze hivyo."

Nasra alishusha beseni.

"Mama yake ni mimi, mama."

"Ndiyo, mwanangu. Na wewe pia."

Akamweleza taratibu, huku akikunja. Mwanamke anaitwa Asia, yuko Nanyamba, Sudi amemwoa kimya kimya, na mtoto wao sasa anajaribu kukaa. Ni yeye Bi Mwanahamisi aliyeikata ile doti katikati kwa mkasi wake, kila mke kipande chake, ili pasiwe na wa kulalamika. Alinyamaza kwa sababu mimba haitaki maudhi.

"Kwa hiyo tumbo langu ulikuwa unaliita jina la mtu?"

"Nilikuwa nimelizoea," alisema Bi Mwanahamisi. "Na mkasi ulipita sawasawa, sikumpunja yeyote."

Nasra alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba watu walikuja, ubani ukawashwa, na Sudi akasema mtoto ataitwa Ramadhani, kwamba ni jina zuri na la baraka. Nasra alimtazama mama mkwe wake, akangoja. Wote waliokuwepo walikuwa wamesikia ile ahadi.

"Selemani mmempa nani?" aliuliza.

Bi Mwanahamisi alisema wali unaungua, akaenda jikoni. Wali haukuwa unaungua.

Tangu hapo nepi zililowa kwa zamu mbili. Ramadhani akilowesha, Nasra alimbadilisha. Selemani akilowesha kule Nanyamba, nepi kavu ya Ramadhani ililowa pia, na Nasra alimbadilisha vilevile, kwa sababu mtoto hawezi kuachwa na unyevu, uwe wa nani. Alijifunza saa za yule mtoto mwingine. Kuna siku nepi zilikaa kavu hadi jioni, akawa na wasiwasi, akamtuma Bi Mwanahamisi apige simu. Selemani alikuwa na homa. Alipopona, kamba nzima ililowa kwa pamoja, na Nasra alikaa kizingitini akacheka kidogo, kisha akalia.

Hakuna aliyemwomba radhi. Bi Mwanahamisi aliendelea kumsaidia kuanua, naye Sudi aliendelea kwenda Nanyamba kupakia korosho, hata korosho zilipokwisha.

Jumamosi moja Sudi alisimama uani akaangalia ile kamba.

"Mtoto mmoja, nepi zote hizi?"

"Kanga ni doti, Baba Ramadhani."

Sudi alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. Alisema ataleta sabuni. Aliporudi alileta nusu ya mche, mwisho wake mmoja ukiwa umekatwa karibuni, sawasawa kabisa. Nasra aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kufua.