Sifuri Kila Kituo

Tangu asubuhi Klementi aliposhuka Kilwa Masoko na begi lake la kompyuta, machale yalimcheza Stefania. Kijana mpole kupita kiasi. "Shikamoo dada" asubuhi, "shikamoo dada" mchana, kama vile hawajaonana. Mtu wa kukuamkia mara mbili kwa siku ana lake jambo, ndivyo Stefania alivyoamini, na akishaamini kitu, hata padri aliyembatiza asingemtoa hapo.

Stefania alikuwa mtunza dawa wa Shirika la Faraja, lenye kituo kikubwa Masoko na zahanati Kipatimu, Tingi na kisiwani Songo Songo. Miaka yote kila kituo kilikuwa na kompyuta yake na hesabu zake. Ukitaka kujua Tingi wana nini, unampigia Salima, unasubiri amalize kunyonyesha, anakuambia. Sasa makao makuu Dar walileta mfumo mmoja, na Klementi ndiye aliyetumwa kuupachika kituo kwa kituo, idara kwa idara: mapokezi, maabara, wodi ya wazazi, stoo ya dawa. Akishamaliza, linatoka toleo jipya, anazunguka upya. Ukifungua kioo cha kompyuta Masoko unaziona dawa za Songo Songo.

"Na wa Dar nao wanaona?" Stefania alimuuliza.

"Wanaona kila kitu, dada. Mpaka panadoli!" Klementi akajibu kwa fahari. Maskini, alidhani anamfurahisha.

Kumbe alikuwa anamtonesha kidonda. Zamani kidogo walikuja wakaguzi wa shirika, wakakuta friji ya Masoko ina dawa ya sumu ya nyoka ya kutosha, wakaiita ziada, wakaibeba. Masika ile ile aliletwa mama mmoja aliyegongwa na nyoka shambani. Stefania alifungua friji akakuta baridi tupu. Yule mama alikata roho amemshika mkono. Tangu hapo Stefania aliapa kwamba hakuna mtu wa Dar atakayeona tena kilichomo ndani ya friji yake.

Basi siku ya kuingiza hesabu kwenye mfumo, alivichukua vichupa vya dawa ya nyoka vilivyoletwa baadaye, akavipanga nyuma ya maboksi ya chanjo, akaifunga friji kwa kufuli jipya na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Kwenye kioo akaandika sifuri.

Kisha akawapigia wenzake. "Salima, mdogo wangu, fumbua macho. Kinachoonekana kinabebwa." Salima alicheka tu. Abilahi wa Songo Songo naye akamwambia, "Wallahi, Stefania, wewe una ugomvi na mashine." Genoveva wa Kipatimu, Stefania hakumwambia kitu, maana Genoveva hakuwa na uongo hata wa kuazima.

Lakini mdogo wake Sipriani, Stefania alimweleza hofu yake. Sipriani alilima ufuta Kipatimu, na tangu mama yao afe, Stefania ndiye aliyemlea. Alipokuja Masoko kumletea karanga, Stefania alimwonyesha Klementi kwa kidevu. "Yule pale. Anatafuta namna ya kutuibia dawa." Sipriani alimkazia macho yule kijana, akaamini. Neno la dada yake hakuwahi kulipima.

Na Klementi mwenyewe alizidi kujichongea. Mara anaipiga picha friji. Mara anajifungia maabara na simu. Siku moja Stefania alipita dirishani akamsikia kwa masikio yake: "Imebaki stoo ya Masoko. Namba zake hazikai sawa. Usimwambie lolote kwanza, niachie mimi."

Ahaa! Stefania alirudi stoo akalikagua kufuli. Hazijawatosha za zamani, wanataka na hizi.

Kesho yake Klementi akaja. "Dada, naomba unifungulie friji kidogo, nilinganishe na mfumo."

"Friji ya chanjo si kabati la nguo, la kufunguafungua."

"Dakika moja tu, dada."

"Thubutu!"

Kijana akatabasamu, akasema sawa, akaenda zake. Tabasamu lile lilimuudhi Stefania kuliko tusi.

Wakati wa mavuno ya ufuta, Stefania akiwa anapokea dripu, Genoveva alipiga simu kutoka Kipatimu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Dada Stefania, kuna mtu kagongwa na kifutu. Alinyanyua tita la ufuta, nyoka yupo chini. Nimemchoma kichupa changu, hakitoshi, mkono unavimba mpaka begani. Nimetazama kwenye mfumo. Tingi sifuri, Songo Songo sifuri, Masoko sifuri. Nimempakia kwenye gari la zahanati aende Lindi moja kwa moja."

"Lini?"

"Tangu alfajiri. Watakuwa wamepita Nangurukuru." Genoveva akashusha sauti. "Dada, ni Sipriani."

Dripu zilimwanguka. Alipiga simu ya dereva, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Alivuta ufunguo kwa pupa mpaka rozari ikakatika, akachomoa vile vichupa nyuma ya chanjo, akavitia kwenye kibebeo cha barafu. Alipogeuka, Klementi alikuwa amesimama mlangoni, anaviangalia.

"Gari liko nje, dada," alisema. "Twende."

Klementi akashika usukani. Stefania alimpigia Salima, ingawa gari la Kipatimu lilishaipita Tingi zamani. Alitaka tu kujua. "Salima, sema kweli. Una dawa ya nyoka?"

"Ninazo, dada. Nilizificha. Si ulisema kinachoonekana kinabebwa?"

Hakuwa na haja ya kumpigia Abilahi. Alikata simu akakipakata kibebeo, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Nilijua hazilingani," Klementi alisema baadaye, macho barabarani. "Zilizopokelewa na zilizotumika. Nilidhani unaziuza, dada. Nilikuwa nawaomba Dar wasikufukuze kwanza."

Mtu aliyemwita mwizi naye alikuwa anamhesabu mwizi, ila yeye alikuwa na huruma.

Hawakulikuta gari. Walifika Lindi Sipriani ameshaingizwa hospitali, madaktari wako naye. Vichupa vya Stefania vilipokewa, vikatumika pamoja na vya pale. Uhai ukaokoka. Mkono wa kulia haukuokoka. Sumu ilikuwa imekaa humo muda mrefu, wakaukata juu ya kiwiko.

Sipriani alipoweza kuzungumza, Stefania alikuwa ameketi kando ya kitanda. Klementi alikuwa nje ya mlango na chupa ya chai aliyotoka kuinunua.

"Tulipita Tingi, dada," Sipriani alisema. "Nilimwomba dereva asimame. Akasema hapana, Genoveva kashatazama kwenye mashine, hakuna kitu mpaka Lindi. Nangurukuru nikamwomba tena akate kona twende kwako. Akasema hata kwako hakuna." Alipumua. "Ulisema. Ulisema watatuibia. Yule kijana wa mashine, nikimwona nitamtemea mate usoni."

Stefania aliutazama mlango. Klementi alikuwa amesikia, na hakusogea. Pale hospitali hakuna aliyejua ila yeye na Klementi, na Klementi, alivyokuwa amesimama pale na chai yake, ilionekana wazi angemeza lile tusi akanyamaza. Neno moja tu la Stefania lingetosha. Angeitikia tu, Eeh mdogo wangu, na maisha yangeendelea.

"Hakuiba mtu," Stefania alisema. "Zilikuwa kwangu, Sipri. Nyuma ya chanjo. Nilizificha mimi, na Salima na Abilahi nikawafundisha wafiche."

Sipriani alimwangalia muda mrefu. Macho yakashuka kwenye bandeji, yakapanda tena usoni kwa dada yake, yakaenda mpaka mlangoni kwa Klementi na chupa yake ya chai. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Mwambie huyo kijana aingie, anipe chai," alisema. "Wewe kaa nje."