Kitanda cha Zamu

Tangu Jumatatu Bi Harusi hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anakumbuka kuna kitu alitaka kukitafuta, akianza kukitafuta anasahau ni kitu gani. Kibali chake cha kuishi katika nchi ya watu kilikuwa kinakwisha Ijumaa. Na Jumatano, saa tatu asubuhi, yeye na mumewe walikuwa wameitwa ofisi ya uhamiaji wakahojiwe kama ndoa yao ni ndoa kweli au ni njia tu ya kutafutia muhuri.

Jina la Bi Harusi alipewa na wenzake wa kiwanda cha kufulia mashuka. Alifunga ndoa Jumamosi, na Jumatatu saa moja kasorobo akaonekana mbele ya rola ya kupigia pasi, miguuni kavaa vile vile viatu vyeupe vya harusi, maana vingine vilikuwa bado kwenye sanduku ambalo halijahamishwa. Sasa ulikuwa mwaka wa pili na jina halijamtoka. Hata msimamizi alimwandika hivyo kwenye ubao wa zamu.

Mumewe alikuwa mzaliwa wa pale pale, mwoka mikate, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kuzoea kuchungulia tanuri. Walijuana dirishani pa duka la mikate. Bi Harusi alikuwa akinunua mkate mmoja kwa wiki, mara ukawa mmoja kwa siku, na mtu mwenyewe anaishi peke yake. Wenzake kiwandani humcheka mpaka leo: "Wewe ulianza na mkate, ukaishia kubeba na mwenye mkate."

Ndoa ilikuwa ya kweli, hilo lieleweke mapema. Taabu ilikuwa zamu. Miezi saba nyuma, mwoka mikate wa usiku aliumia mkono, na tajiri akamhamishia mume wa Bi Harusi kwenye zamu yake. Angeweza kukataa, lakini fomu ya uhamiaji ilitaka mwenzi mwenye kazi ya kudumu, na anayekataa zamu kazi yake haidumu. Akakubali. Basi ile karatasi ya kuwaweka pamoja ndiyo iliyowatenganisha.

Mume alitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo jioni, mke akiingia saa kumi na mbili kamili. Asubuhi mume akiingia saa kumi na mbili, mke anatoka na robo. Jumapili, ambayo Bi Harusi hupumzika, tanuri liliwashwa mchana kwa ajili ya mikate ya Jumatatu, kwa hiyo mume aliamka, akavaa, akatoka. Walikuwa na robo saa asubuhi na robo saa jioni, na katika hiyo robo saa wote wawili walisema kwa pamoja na hakuna aliyemaliza sentensi. Yaliyobaki waliyaandika kwenye karatasi za mifuko ya unga, wakazibandika nyuma ya mlango. Chai iko kwenye chupa. Dirisha linagoma, usilivute. Mama anaumwa goti, mwulize.

Chumba chao kilikuwa juu, katika nyumba ya mama mkwe, na kitanda kilikuwa kimoja, cha chuma, chembamba, kimesukumwa hadi ukutani. Usiku alilala mke, mchana akalala mume. Chaga za upande wa nje zilikuwa zimelegea, ukilalia huko unajikuta umebonyea kama uko kwenye karai, ndiyo maana kila mmoja kwa zamu yake alilala ukutani.

Jumanne jioni, mume alipokwisha kutoka, mama mkwe alipanda ngazi na goti lake akaja kumfunda mkwewe.

"Sasa mwanangu, sikiliza. Wale watu wakikuuliza, nyie mnakula pamoja, mnalala pamoja, mnaamka pamoja."

"Lakini mama, sivyo tunavyoishi."

"Najua. Miye si ndiye ninayewasikia mkipishana kama walinzi wa benki? Ila ukiwaambia hivyo watakwambia hiyo ndoa gani. Sema mlikula, mkapiga soga, mkalala. Basi."

"Na yeye umemwambia?"

"Nimemwambia asubuhi, akinywa chai. Ameitikia kwa kichwa."

Bi Harusi alimjua mumewe akinywa chai asubuhi. Kikombe kinakwenda mdomoni, macho yamefungwa, na kichwa kinaitikia hata redio. Usiku ule aligeuka na kugeuka mpaka shuka likamfunga miguu.

Jumatano mikate ilichelewa, mume akatoka moja kwa moja kwenye tanuri akamkuta mkewe mlangoni mwa ofisi, unga ungali kwenye nyusi. Ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao na watu walioshika namba zao kama wameshika vifaranga. Bi Harusi alikwenda chooni mara mbili, akasoma tangazo la kuzima simu mara nne, akafungua bahasha ahakikishe cheti cha ndoa kimo, akaifunga, akaifungua tena. Mume aliegemeza kichwa begani kwake akalala papo hapo.

"Usilale," akamnong'oneza. "Unakumbuka alichokwambia mama?"

"Nakumbuka," akajibu bila kufungua macho.

"Alisema nini?"

"Goti."

Hakupata nafasi ya kumweleza. Namba yao iliitwa, na aliyetakiwa kwanza alikuwa mke, peke yake.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mezani pake kalamu zimepangwa kwa urefu. Hakuwa mkali. Aliuliza polepole na kuandika polepole, na huko kuandika ndiko kulikomtoa Bi Harusi jasho. Mume anapenda chai ya namna gani? Rangi, sukari mbili. Nguo anazifua nani? Mimi. Kitandani, nani analala upande wa ukutani?

"Mimi."

"Jana usiku mlifanya nini?"

"Tulikula," akasema. "Tukapiga soga, tukalala."

"Mlizungumza nini?"

"Mambo ya nyumbani tu. Goti la mama."

Kisha akaitwa mume. Bi Harusi akabaki benchini akitembeza bahasha kutoka paja hili hadi paja lile. Zilipita dakika ishirini, na mlango ukafunguliwa, wakaitwa wote wawili. Afisa alikuwa ameweka karatasi mbili bega kwa bega.

"Bwana," akasema, "wewe umesema unalala ukutani. Mkeo amesema yeye ndiye analala ukutani. Hicho kitanda chenu kina kuta ngapi?"

"Mmoja," mume akajibu, kwa unyoofu kabisa.

"Haya. Na jana usiku, mke anasema mlikula, mkapiga soga, mkalala. Wewe unasema ulikuwa unaoka mikate."

"Nilikuwa naoka mikate." Mume akamgeukia mkewe, macho mekundu, hana hasira hata chembe, anataka kujua tu. "Ulipiga soga na nani?"

Bi Harusi alitamani sakafu immeze. Alimtazama mumewe, akamtazama afisa, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Nimedanganya mimi," akasema. "Yeye kasema kweli." Akaeleza yote, zamu, robo saa, kitanda, chaga zilizolegea. Alieleza haraka haraka, akarudia mengine mara mbili.

"Na kwa nini ulidanganya?"

"Niliona ukweli wenyewe utaonekana mbaya."

"Umeonekana mbaya," afisa akasema. "Hamlali pamoja, hamli pamoja, na jibu mliloniletea ni la kupanga. Unajua ndoa za karatasi zikoje? Ziko hivi hivi. Kila nikiuliza, mmoja hayupo." Akavaa miwani, akatazama tarehe ya kibali. "Ijumaa. Nyumba iko mbali?"

"Vituo vitatu vya basi."

Afisa akachukua mkoba. "Twendeni. Na hizo simu zikae mifukoni."

Njia nzima Bi Harusi alikuwa akimwomba Mungu mama mkwe awe ameenda sokoni. Hakuwa ameenda. Alifungua mlango kabla hawajabisha, kavaa gauni lake la kutokea, na alipoona mgeni mwenye mkoba akajua zamu yake imefika.

"Karibu mwanangu, karibu. Umekuja kuwaona hawa? Hawa hawaachani hawa. Jana usiku wamenikesheza kwa vicheko."

"Jana usiku?" afisa akauliza.

"Jana usiku hiyo hiyo. Nimegonga dari kwa ufagio mpaka mkono umeniuma."

Bi Harusi akakohoa.

"Kanywe maji, mwanangu. Umeona, ndiyo hasara ya kucheka usiku kucha hiyo."

Mume akapanda ngazi. Wengine wakamfuata, mama mkwe nyuma na goti lake, hachoki kusema. Chumbani alikuwa amefanya kazi asubuhi nzima. Picha ya harusi ilikuwa imetoka sebuleni imetundikwa juu ya kitanda. Ndala za mume na za mke zimewekwa pua kwa pua. Na kitandani, ambako siku zote huwa na mto mmoja, ilikuwepo miwili, wa pili ungali na nailoni ya dukani.

Afisa aliutazama ule mto, akatoa karatasi na kalamu. Mama mkwe alikuwa amefika kwenye habari za jinsi mwanawe alivyokuwa mtundu utotoni, na afisa anaandika, na saa ya mezani inasema saa tano na nusu.

Saa tano na nusu, mume alipaswa kuwa amelala tangu alfajiri. Hakuaga mtu. Aliuondoa mto wa nailoni akauweka kitini, akajilaza ukutani na viatu vyake, na kabla mama yake hajamaliza sentensi akaanza kukoroma.

Bi Harusi hakufikiri. Alipiga magoti akafungua kamba za viatu. Cha kushoto alikivuta tu, kikatoka. Cha kulia alikishika kwa kisigino, akakilegeza kidogo kidogo, maana juu ya kifundo kulikuwa na bandeji. Akachukua blanketi akalitundika dirishani kwenye misumari yake miwili. Akaichukua saa, akaizungusha kengele mpaka kumi na nusu, akaiweka ndani ya sufuria tupu chini ya kitanda, kwa sababu bila sufuria mume haisikii.

"Tena akicheka huyu," mama mkwe alikuwa anasema, "nyumba nzima—"

"Mama, basi. Shuka chini, tafadhali. Na wewe dada, nje." Akamshika afisa kwa mkono wa koti. "Akikatizwa sasa hivi halali tena, na kule kazini ni moto. Ya kuandika utaandikia ngazini."

Akamtoa. Akaufunga mlango kwa kuuinua kwanza, ili bawaba isilie. Ndipo, wakiwa wamesimama kwenye kigiza cha ngazi, akagundua kwamba mkononi mwake ameshika koti la serikali. Akaliachia kama limemuunguza.

"Samahani," akanong'ona.

"Mguu una nini?" Afisa naye alinong'ona.

"Sinia la tanuri. Lilimwangukia wiki iliyopita."

"Bandeji anamfunga nani?"

"Mimi. Asubuhi, kwenye ile robo saa. Ndiyo maana juzi nilichelewa kazini, dawa ilikuwa imegandia kwenye kitambaa."

Afisa aliegemea ukuta akapekua karatasi zake, akakata mstari mmoja, akakata wa pili, akaandika kitu kirefu. Mama mkwe, aliyesimama vipandio vitatu chini, alikohoa kidogo.

"Afisa, yale niliyosema ya vicheko..."

"Hayo sikuyaandika, mama."

"Bora."

"Na mto urudishe dukani." Akamgeukia Bi Harusi. "Kesho saa mbili uje na pasipoti."

"Nije naye?"

"Mwache alale. Nitakupa mwaka mmoja. Ukiisha mtarudi tena, na nitawauliza tena wote wawili. Siku hiyo usinipangie majibu."

"Sikupangii."

Afisa alishuka kwa kunyata, mkoba kaubana kwapani usigonge reli ya ngazi. Mama mkwe alimfuata hadi mlangoni, akarudi akamwita mkwewe kwa ishara, kuna chai. Bi Harusi alimwashiria anakuja, wala hakwenda. Alikaa kwenye kipandio cha juu, akasimama, akakaa. Mwaka mzima. Alitaka kusukuma mlango amwamshe mwenziwe amwambie, akaweka mkono kwenye kitasa, akauondoa.

Kiwandani alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima. Kengele ingelia saa kumi na nusu, na mume hatoki kwenda kazini mpaka saa kumi na mbili na robo. Akahesabu kwa vidole, hakuamini, akahesabu tena. Walikuwa na saa moja na dakika arobaini na tano, zote kwa mkupuo mmoja. Akaanza kutafuta ni lipi la kuanza nalo, maana mambo ya miezi saba yalikuwa mengi, na kila alilolishika liliita jingine, mpaka akalazimika kusimama tena.